Kioo cha Eva: Riwaya za Vijana na Swali la Mwenye Mwili

Msichana wa miaka 13 anazinduka hospitalini baada ya ajali ya gari. Mwili hausogei. Pembeni yuko mama yake, na usoni mwa mama mna habari ambayo mdomo haujathubutu kuitoa. Binti anasema kwa kubonyeza kibodi, naye anadai kioo. Akipewa, anakutana na sura ya sokwe.

Ndivyo inavyoanza Eva, riwaya ya vijana ya Peter Dickinson iliyotoka mwaka 1988. Mwingereza huyu alizaliwa mwaka 1927 Livingstone, katika Zambia ya leo, na kitabu chake alikitabaruku kwa Jane Goodall, mtafiti aliyefika Gombe, kando ya Ziwa Tanganyika, Julai 1960. Miezi michache baada ya kufika, Goodall alimwona sokwe akitumbukiza unyasi katika kichuguu na kuvua mchwa. Hadi wakati huo wataalamu wengi walishikilia kwamba kutengeneza zana ni kazi ya binadamu peke yake. Dickinson alisimamisha hadithi yake juu ya mpaka huo kati ya binadamu na mnyama, uliobomoka: kumbukumbu za Eva zimehamishiwa katika ubongo wa sokwe aitwaye Kelly, na Eva hatulii mpaka akubali kwamba Kelly naye bado yumo.

Mizizi ya hadithi za miili inayoundwa au kubadilishwa na sayansi ni mirefu. Mary Shelley alikuwa na miaka 18 alipoanza kuandika Frankenstein karibu na Geneva mwaka 1816. Kitabu kilitoka mwaka 1818 bila jina lake. Neno roboti lilizaliwa katika tamthilia ya Karel Čapek, R.U.R., ya mwaka 1920, kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shuruti. Katika vitabu vya vijana, hata hivyo, mambo yalikuwa mepesi kwa muda mrefu. Katika Rocket Ship Galileo ya Robert Heinlein, ya mwaka 1947, wavulana watatu wanakwenda mwezini. Roketi inawafikisha mbali, lakini wao wanabaki walewale.

Dolly alibadilisha upepo. Kondoo huyo, mamalia wa kwanza kuzalishwa kama kloni, yaani nakala, kutokana na seli ya mnyama aliyekomaa, alizaliwa Uskochi Julai 1996 na kutangazwa mwaka uliofuata. Mwaka 2002 Nancy Farmer, Mmarekani aliyewahi kuishi Msumbiji na Zimbabwe kwa miaka mingi, akatoa The House of the Scorpion. Matt, mtoto anayefichwa katika nyumba ndogo katikati ya mashamba ya afyuni, anavunja dirisha, anaruka, na kukatwa na vigae vya kioo. Wanaomwokota wanamkimbiza kwenye jumba la tajiri. Mtumishi anaposafisha damu, chini ya unyayo yanajitokeza maandishi: huyu ni mali ya shamba la Alacrán. Mikono iliyombeba inamwacha. Matt ni kloni ya tajiri wa dawa za kulevya mwenye umri wa miaka zaidi ya 140, na amefugwa ili awe ghala la vipuri vya bwana wake.

Kitabu hicho kilishinda Tuzo ya Kitaifa ya Vitabu ya Marekani kwa fasihi ya vijana. Miongoni mwa vilivyofika fainali mwaka huohuo kilikuwamo Feed cha M. T. Anderson, ambamo vijana wana chipu ubongoni inayowamiminia matangazo mchana kutwa. Chipu ya Violet inapoharibika, kampuni inakataa kugharimia matengenezo: manunuzi yake hayatabiriki, kwa hiyo hana faida. Simu ya kwanza ya iPhone ilikuja miaka mitano baadaye. Mwaka 2005, katika Uglies ya Scott Westerfeld, kila atimizaye miaka 16 anapasuliwa ili awe mrembo, na upasuaji huo unamwachia kovu la siri ubongoni.

Ukiviweka vitabu hivi pamoja, mashine zinatofautiana lakini kosa ni moja: kijana hakuulizwa. Eva aliamuliwa na wazazi wenye huruma, Matt na mzee mwenye uchu wa kuishi, Violet na soko, na vijana wa Westerfeld na serikali.

Mwaka 2015 Nnedi Okorafor, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, alitoa Binti, jina ambalo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Msichana mwenye jina hilo, wa kabila la Wahimba na bingwa wa hisabati, anatoroka kwao usiku na kwenda chuo kikuu cha sayari nyingine, ngozi yake ikiwa imepakwa udongo mwekundu wa mama zake. Nywele zake zinageuzwa na viumbe wa angani, naye pia hakuombwa ruhusa. Ila safari ameichagua mwenyewe. Kitabu kilipata tuzo za Hugo na Nebula.

Kiswahili nacho kina cha kuanzia. Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995, haikuandikwa kwa ajili ya vijana hasa, lakini inamrusha mhukumiwa wa kifo kwa chombo cha angani hadi Walenisi, nchi ya watu wengine. Likatwe jina hilo la nchi vipande vitatu, nalo linasomeka: wale ni sisi.