Mwalimu wa Meru na Embu Mbele ya Mwajiri

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, mwalimu wa Meru au Embu hakuajiriwa na mtu asiyemjua. Misheni ya CMS (Church Missionary Society) ilifika Kigari, Embu, mwaka 1910. Wamethodisti walijenga Kaaga, karibu na mji wa Meru, na mwaka 1922 daktari Archibald Irvine wa Kanisa la Scotland akaanzisha misheni ya Chogoria. Kijana aliyefuzu katika shule hizo alipewa darasa la kijijini, na mwenendo wake kanisani ulihesabiwa pamoja na elimu yake. Jinsi hesabu hiyo ilivyokuwa nzito ilidhihirika katika mzozo wa tohara ya wasichana wa mwaka 1929, pale Kanisa la Scotland lilipowataka walimu wake waweke alama ya kidole gumba kuahidi kuipinga. Aliyekataa alipoteza kazi, hata kama alifundisha vizuri.

Walimu wachache waliovuka bahari enzi hizo walikwenda kusoma, si kufundisha. Jeremiah Nyagah wa Embu alitoka Makerere akafundisha, kisha akasoma Oxford, kabla ya kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958.

Mwaka 1967 iliundwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC, na mamlaka ya kuajiri yakahamia Nairobi. Hata hivyo, ujuzi wenyewe uliendelea kupimwa darasani. Mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha Kigari au cha Meru alipelekwa shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Mkufunzi aliketi nyuma ya wanafunzi akiwa na andalio la somo mkononi, akifuatilia hatua kwa hatua: utangulizi, vifaa, maswali, matumizi ya ubao, hitimisho. Walimu wengi hukumbuka dakika hizo kuliko mtihani wowote wa kuandika, na ni haki yao, kwa kuwa hapo ndipo ualimu unapoonekana.

Safari za kwenda kufundisha nje zilikuja baadaye. Botswana iliwapokea walimu wa Kenya, hasa wa shule za sekondari. Baada ya mkataba wa amani wa Sudan wa mwaka 2005, Juba nayo ikawa soko la kazi. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, ilihitaji walimu kutoka nchi jirani, na shule za Ghuba zimeendelea kuwavuta wengine.

Kwa mwajiri wa mbali, sifa njema aliyoipata mwalimu Chogoria au Runyenjes, Embu, haina uzito mpaka iwe na ushahidi. Ndiyo maana maandalizi huanza na karatasi: vyeti vya masomo vilivyothibitishwa, usajili wa TSC, barua za wadhamini, na cheti cha mwenendo mwema cha polisi, ambacho alama za vidole za kukiomba huweza kuchukuliwa katika Huduma Centre ya Meru au Embu. Kisha huja mahojiano kwa video, mara nyingi pamoja na somo fupi la mfano. Hapa mazoezi ya zamani ya Kigari yana faida kubwa, ila ubao haupo na mwanafunzi hajibu. Somo linapaswa kujaribiwa mbele ya kamera mapema, saa ikiwa mkononi.

Maswali mawili ya mahojiano hayo yanahitaji kufikiriwa zaidi. La kwanza ni la darasa lenye wanafunzi wa viwango tofauti. Mwalimu aliyefundisha baada ya elimu ya msingi bila malipo kuanza mwaka 2003, darasa likiwa limefurika, ana mengi ya kusimulia: jinsi alivyopanga vikundi, alivyosahihisha, alivyomfikia mtoto wa nyuma kabisa. Akiona haya kusema kuwa alifundisha darasa lililojaa, huficha ujuzi wake bora. La pili ni la nidhamu. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini walimu wengi walilelewa nacho. Msaili hutaka kusikia tukio moja mahususi: mtoto alifanya nini, mwalimu akafanya nini, na somo likaendeleaje.