"SCAPEGOAT": MBUZI KAKOSA NINI?

Mdau, ushawahi kuangushiwa jumba bovu? Mmekosea wengi, lawama zote ukabebeshwa wewe. Waingereza mtu wa hivyo wanamwita "scapegoat", na hapo kuna mbuzi ndani yake. Sasa mbuzi kakosa nini?

Stori inaanzia kwenye Biblia, Mambo ya Walawi sura ya 16. Siku ya Upatanisho Waisraeli walileta mbuzi wawili, wakapigiwa kura. Mmoja alichinjwa. Wa pili, kuhani mkuu alimwekea mikono kichwani, akaungama makosa ya taifa zima, kisha mbuzi akapelekwa jangwani akiwa hai. Dhambi zote kaondoka nazo.

Neno lenyewe alilitunga William Tyndale, Mwingereza aliyetafsiri sura hiyo mwaka 1530. Kwenye Kiebrania aliliona neno "azazeli", akalichukulia kama mbuzi anayeondoka. Biblia ya Kiswahili imeliacha kama jina, Azazeli. Mwaka 1536 Tyndale mwenyewe alihukumiwa kwa uzushi, akanyongwa, mwili ukachomwa moto.

Sisi tunasema "mbuzi wa kafara", ukisikia unawaza kisu. Kumbe huyu ni yule aliyebaki hai, akatengwa na wenzake.

Ila wale wa zamani angalau makosa yao yalitajwa kwanza, na kila mtu alijua ni ya kwao. Siku hizi mtandaoni tunamshukia mtu mmoja, ya kwetu tumeyafunika.

Wewe ushawahi kuwa mbuzi, au ulikuwa kati ya waliomswaga jangwani?