Jalada la Kilwa na mawakili walioliandama

Kilwa ninayoisema si ile ya pwani ya Tanzania; haina minazi wala magofu ya msikiti wa kale. Ni mji wa wavuvi kwenye Ziwa Mweru, katika mkoa wa Haut-Katanga, Kongo, zaidi ya kilomita 300 kutoka Lubumbashi, na ng'ambo ya maji ni Zambia. Kaskazini yake, mwendo wa kilomita 50 hivi, uko mgodi wa Dikulushi uliotoa shaba na madini ya fedha. Mzigo wa mgodi ulipitia bandari ya Kilwa, ukapakiwa kwenye matishari na kuvushwa ziwa. Mji mdogo, basi, lakini njia ya mali nyingi.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kundi dogo la waasi liliingia mjini humo. Kesho yake brigedi ya 62 ya jeshi la taifa, chini ya Kanali Ademar Ilunga, ikaurudisha mji mikononi mwa serikali. Waasi walikuwa wachache na walishindwa haraka. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walipofika baadaye waliandika kwamba watu wasiopungua 73 walikufa, wakiwamo 28 waliodaiwa kuuawa baada ya kukamatwa, bila kesi. Mahali panapoitwa Nsensele palitajwa kuwa na makaburi ya pamoja. Likatajwa pia jina la Anvil Mining, kampuni ya Australia iliyoendesha Dikulushi: ndege ilizokodi zilileta askari kutoka Pweto, na magari yake yalionekana yakitumiwa na wanajeshi mjini. Kampuni ilikiri kwamba vyombo hivyo vilitumika. Ilisema serikali ilivitwaa kwa amri, na ikakana kuwa na hatia yoyote katika mauaji.

Hapo ndipo kazi ya wakili ilipoanzia, na wachache walikuwa wameandaliwa kwa kazi ya namna hiyo. Wakili wa Kongo hupitia njia iliyowekwa na sheria ya tarehe 28 Septemba 1979: shahada ya sheria, kiapo, miaka miwili ya kujifunza chini ya wakili mkubwa, na jina lake kuandikwa kwenye orodha ya mawakili wa Mahakama ya Rufaa. Huvaa joho jeusi na watu humwita Metre. Miaka ile miwili humfunza kesi za viwanja, urithi, madeni, na wizi. Namna ya kumsimamia mjane ambaye mumewe amefukiwa kwenye shimo lisilo na alama, mbele ya jeshi na kampuni ya madini kwa mpigo, ilibidi ajifunzie kazini.

Mawakili wa Lubumbashi walijifunza hivyo. Georges Kapiamba wa ASADHO, Hubert Tshiswaka wa ACIDH, yote mashirika ya haki za binadamu ya Kongo, na wenzao, wakishirikiana na shirika la RAID la Uingereza, walishika kazi ngumu kuliko hotuba za mahakamani, yaani kukusanya ushahidi. Nani alikufa, lini, wapi. Nani aliona. Gari lilikuwa la nani na nani alikuwa usukani. Kesi ya namna hii hufa mapema pale ambapo majina hayakuandikwa wakati mashahidi bado wanakumbuka vizuri.

Tarehe 12 Oktoba 2006 mwendesha mashtaka wa kijeshi aliwashtaki askari tisa, Ilunga akiwa mmojawao, pamoja na wafanyakazi watatu wa Anvil waliotoka ng'ambo. Sheria za kijeshi za 2002 ziliruhusu raia nao kufikishwa kwenye mahakama ya kijeshi, na ziliwaruhusu waathirika kujiunga na kesi kudai fidia. Ndivyo mawakili wao walivyopata kusimama mbele ya majaji waliovaa sare. Kesi ilianza Desemba. Tarehe 28 Juni 2007 mahakama ilisema watu wa Kilwa walikufa katika mapigano, ikawaachilia washtakiwa wote kwa mashtaka ya Kilwa. Ilunga alihukumiwa kifungo cha maisha kwa mauaji mengine kabisa. Louise Arbour, aliyekuwa Kamishna Mkuu wa Haki za Binadamu wa Umoja wa Mataifa, alieleza wazi wasiwasi wake. Rufaa nayo haikufika mbali.

Mawakili walitafuta mlango mwingine. Huko Australia, kampuni ya mawakili ya Slater & Gordon ilijaribu na kuishia njiani. Mwaka 2010 ikawa zamu ya Montreal, Kanada, ambako Anvil ilikuwa na ofisi. Aprili 2011 Jaji Benoît Emery alikubali kuisikiliza kesi, na kwa miezi tisa watu wa Kilwa walikuwa na mahakama. Januari 2012 Mahakama ya Rufaa ya Quebec ikaufunga mlango huo. Sababu yake mtu wa kawaida huishangaa: ofisi ya Montreal ilifunguliwa 2005, baada ya mauaji, kwa hiyo haikuhusika na yaliyotokea ziwani. Tarehe 1 Novemba 2012 Mahakama ya Juu ya Kanada ilikataa kulipokea shauri. Kwa mtazamo wangu huu ni uonevu uliovaa joho. Kampuni ilikuwa na mali katika zaidi ya bara moja, ikanunuliwa na wengine mwaka ule ule wa 2012, na hakuna hata mahakama moja nje ya Kongo iliyowahi kuwasikiliza mashahidi.

Aliyewasikia waathirika hatimaye ni Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Banjul, kupitia shauri namba 393/10 lililofunguliwa na ACIDH, RAID na shirika jingine la haki za binadamu, IHRDA. Uamuzi ulipitishwa 2016 na kutangazwa 2017. Serikali ya Kongo ilionekana na hatia, ikatakiwa kulipa dola milioni 2.5, kuomba radhi hadharani, kufukua maiti na kuzizika kwa heshima, kujenga mnara wa kumbukumbu, na kuwashtaki waliohusika, wakiwamo wa kampuni. Miaka iliyofuata ilipita bila malipo kufika Kilwa.

Sheria ya Kongo haiwekei ukomo wa muda makosa ya kivita. Na tangu sheria ya Aprili 2013, mashtaka hayo hayabaki tena mikononi mwa wanajeshi peke yao: Mahakama ya Rufaa ya kiraia nayo ina uwezo wa kuyasikiliza. Mahakama hiyo ya Lubumbashi iko wazi, na jalada liko tayari.