Hesabu ya thalasemia katika kisiwa cha Cyprus

Msikilizaji, serikali inapotaka kuwapima wajawazito wa nchi nzima, wahasibu huuliza kwanza: itagharimu kiasi gani, na itaokoa kiasi gani? Kisiwani Cyprus swali hilo liliulizwa mapema, na kwa uwazi wa kutisha.

Ugonjwa wenyewe ni thalasemia, jamaa wa karibu wa selimundu. Takriban mkazi mmoja kati ya saba hubeba jeni yake bila kuugua. Malaria ndiyo iliyoieneza, kwa kuwa wabebaji waliihimili vyema zaidi. Wabebaji wawili wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Daktari Mwingereza, Alan Fawdry, aliandika kuhusu watoto hao wa Cyprus mwaka 1944. Enzi hizo wengi wao walikufa wakiwa wadogo.

Kisha ikaja tiba: kuongezewa damu kila baada ya wiki chache, na dawa ya desferioksamini ya kuondoa madini ya chuma yanayorundikana mwilini, ikipitishwa taratibu chini ya ngozi usiku kucha. Watoto wakaanza kuishi. Hapo ndipo hesabu ilipowaelemea wakuu wa afya, maana wagonjwa wapya waliongezeka kila mwaka juu ya wale wa zamani. Makadirio ya miaka ya 1970 yalionyesha kwamba, bila kinga, baada ya takriban miaka 40 matibabu yangemeza bajeti nzima ya afya. Tatizo, basi, lilizaliwa na mafanikio ya tiba.

Mwanzoni wajawazito walisafiri hadi London, ambako damu ya kijusi ilichukuliwa mimba ikiwa imekwisha kukua, kwa hatari ya kuipoteza mimba yenyewe. Katika miaka ya 1980 kipimo cha kondo la nyuma kilileta jibu ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Mwaka 1983 Kanisa la Kiorthodoksi lilianza kudai cheti kabla ya ndoa, kuthibitisha kwamba wachumba wamepimwa na kushauriwa. Majibu yalibaki siri yao. Waturuki wa kisiwa hicho walikwisha kuwa na sharti kama hilo. Kisiwa kilikuwa kimegawanyika tangu 1974, lakini katika jambo hili pande mbili zilifanana mno.

Wachumba wengi walioambiwa kwamba wote ni wabebaji walioana vivyo hivyo. Hata hivyo, kabla ya muongo huo kwisha, watoto waliozaliwa wagonjwa walikuwa wamepungua hadi karibu na sifuri. Sababu kubwa ilikuwa kutoa mimba, jambo ambalo Kanisa halilikubali.

Kwa fedha, faida haina ubishi: wagonjwa waliokuwapo walipata damu na dawa, na wengi wamefikia utu uzima. Lakini daftari hilo halina safu ya mwanamke aliyerudi nyumbani bila mimba aliyoitaka. Tena, kipimo ambacho jirani wote wamekikubali, ni nani atakayekikataa kwa uhuru kamili?

Uingereza iliahidi mwaka 2000 mpango wa kupima selimundu na thalasemia kwa wajawazito na watoto wachanga. Wasikilizaji wetu waliojifungulia huko huenda wanakumbuka kuulizwa asili ya ukoo wao. Mpango huo ulitaja miongoni mwa malengo yake kumwezesha mzazi kuchagua akiwa na taarifa kamili, na katika lengo hilo, mama anayeamua kumzaa mtoto mwenye selimundu hahesabiwi kuwa hasara.