Tundu la Nyuma ya GPS, na Mita Mia Mbili Zilizogombewa

Saa moja asubuhi ya tarehe 2 Mei 2000, kwa saa za hapa Dar es Salaam, serikali ya Marekani iliondoa kosa ililokuwa imelitia makusudi katika ishara za satelaiti zake za GPS, na chombo cha mkononi ambacho jana yake kiliweza kumpotosha mwenyewe kwa kadiri ya mita mia moja kikaanza kumwonyesha mahali aliposimama kwa tofauti ya mita chache tu. Siku hiyo ina wakumbushaji wake, wala siwanyimi haki yao. Lakini liko jambo jingine la chombo hicho hicho lisilotajwa na mtu, nalo ni tundu dogo la duara lililokuwa mgongoni mwake, lenye vijiti vinne, ambalo kwalo hesabu zilitoka moja baada ya moja kwenda kwenye kompyuta au kwenye usukani wa meli.

Katika mwambao huu kupima kulikuwa, tangu kale, kazi ya watu wawili. Chombo kilipoukaribia mlango mwembamba wa bandari, hapo Magogoni ambapo leo pantoni huvuka kwenda Kigamboni, baharia mmoja alitupa bildi majini akataja kwa sauti idadi ya pima, na mwingine akageuza usukani kwa kumsikiliza. Na bara ilikuwa vivyo hivyo: Martin Hotine, mwanajeshi wa Kiingereza aliyepima kipande cha Tanganyika cha ule mstari mrefu wa longitudo ya 30 kati ya 1931 na 1933, alikuwa mtu wa zama ambazo mpimaji alichungulia katika theodolaiti na kusoma nyuzi, na karani kando yake akaziandika daftarini, na sikio la karani likikosea, kosa hilo lilikaa katika ramani hata mtu akalipate kwa jasho.

Chama cha watu wa vyombo vya umeme vya baharini huko Marekani, NMEA, ndicho kilichomwachisha kazi karani huyo. Mwaka 1983 kilitoa kanuni yake namba 0183, iliyoamuru kwamba kila chombo cha safari, cha chapa yoyote iwayo, kizungumze na vyombo vingine kwa maandishi ya kawaida yapitayo katika waya mmoja, biti moja ikifuata nyingine, biti 4,800 kwa sekunde, na kila mstari usizidi herufi 82. Mtu aliyesimama Feri, karibu na soko la samaki, akaunganisha GPS yake na kompyuta, angeuona mstari wa namna hii ukijirudia:

$GPGLL,0649.20,S,03918.00,E

Maana yake ni nyuzi 6 na dakika 49.20 kusini, nyuzi 39 na dakika 18 mashariki. Hakuna siri ndani yake, na aghalabu mwishoni huja nyota na tarakimu mbili za kuhakiki, ili herufi moja ikiharibika njiani mstari wote ukataliwe. Karani gani aliwahi kujihakiki namna hiyo! GPS ya kwanza ya mkononi kuuzwa kwa raia, Magellan NAV 1000, ilitoka mwaka 1989. Garmin ikafuata, na ni Garmin yenye vijiti vinne, viwili vya umeme, kimoja cha kusema na kimoja cha kusikia, ninayoizungumzia hapa.

Mzee mmoja mpima ardhi, aliyetumika hata akastaafu, na ambaye sehemu kubwa ya habari hizi ni masimulizi yake, hana hamu sana na biti wala nyota. Linalomwasha ni ugomvi wa mita mia mbili, na kwa kuwa aliuishi, nampisha aueleze kwa urefu.

Ramani zetu za zamani, asema, zilijengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, uliotokana na ule mstari wa kina Hotine, ambao asili ya hesabu zake ni Buffelsfontein katika Afrika Kusini, na umbo lake la dunia ni lile lililokadiriwa na Clarke mwaka 1880. GPS nayo hutumia WGS 84, ambao kitovu chake ni moyo wa dunia yenyewe. Tarakimu zile zile katika misingi hiyo miwili si mahali pamoja: hapa Dar es Salaam tofauti yapita mita 200, na sehemu kubwa yake ni ya kaskazini na kusini. Aliyesimama nchi kavu pale Feri, akichukua hesabu za WGS 84 na kuzitia katika ramani ya Arc 1960 bila kuzigeuza, hujikuta ramanini yumo majini, katikati ya njia ya pantoni.

Sasa wafikirie wapimaji wawili waliofika kwenye bikoni moja ya mpaka wa kiwanja, mmoja amekiweka chombo chake katika Arc 1960, mwenziwe amekiacha kama kilivyotoka kiwandani. Wakitazama vioo vyao, na wakiwa na subira ya kufungua ukurasa wa matengenezo, wataliona jina la msingi wakacheka wakaachana salama. Lakini hesabu zikishatoka kwa waya zikaingia katika kompyuta ya ofisini, jina hilo limebaki nyuma, kwa sababu ule mstari niliouandika juu hautaji msingi wowote. Garmin walilijua pengo hilo, wakaongeza mstari wao wa pekee, $PGRMM, ambao kazi yake yote ni kutaja jina la msingi. Na programu isiyousoma huupita kama kwamba hakikusemwa kitu. Mzee asema ameona watu wazima wakirushiana tuhuma za rushwa na wizi wa ardhi, mbele ya wenye viwanja, na kila mmoja ameshika karatasi iliyo sahihi.

Baada ya hapo habari ni fupi. Kompyuta za mkononi zilipoacha kuwekwa tundu la vijiti tisa, ambamo waya wa GPS ulichomekwa, GPS zikahamia USB, kisha simu zikaja na kuzimeza GPS zenyewe. Nchi imejiwekea msingi mpya, TAREF11, unaokubaliana na satelaiti, na wapimaji wenye leseni wanaujua. Ila katika maduka ya Kariakoo, mitaa ya Aggrey na Msimbazi, ambako hupati tena kwa wepesi waya wa vijiti vinne, hupati pia wa kukuambia kwamba simu unayoinunua inasema WGS 84 peke yake, na naona ni aibu yetu wenye kalamu kwamba jambo la mita mia mbili limeachwa liwe siri ya fani. Ramani nyingi za viwanja za mji huu zingali katika Arc 1960, na mnunuzi hutembea nazo huku simu i mkononi, akitafuta bikoni pasipo bikoni.