Mlinzi Aliyeuliza Bure: Usafi Ndani ya Kiini cha Linux

Desemba 2000, Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani, NSA, lilitoa hadharani msimbo wa SELinux, nyongeza ya kuimarisha ulinzi wa Linux. Mwaka uliofuata likaileta kwa wasanidi wa kiini. Linus Torvalds hakutaka kumpendelea mlinzi mmoja. Alitaka mfumo wa jumla ambao moduli yoyote ya usalama ingeweza kujiunga nao. Hapo ndipo ilipozaliwa LSM (Linux Security Modules), iliyofika kwa watumiaji na toleo la 2.6, Desemba 2003.

Simu ya Android hufanya kazi kwa utaratibu huohuo. Programu ikitaka kufungua picha, kiini hutazama kwanza ruhusa za kawaida za faili. Zikikubali, huiuliza SELinux, nayo ina haki ya kukataa.

Hapo mwanzo moduli ziliweza kupakiwa kompyuta ikiwa tayari imewaka, na SELinux ilibeba kielekezi cha moduli ya pili ili nayo iulizwe. Fuata mwito huo ndani ya msimbo: mara nyingi unaishia kwenye kitendakazi chenye amri moja tu, rudisha sifuri. Maana yake, sina pingamizi. Swali limesafiri bure.

Toleo la 2.6.24, mapema 2008, liliondoa upakiaji huo. Sababu ya kielekezi ikafifia, lakini miito ikabaki. Naielewa hofu iliyoibakiza: ukikosea kufuta mstari mmoja wa ulinzi, umemfungulia mwizi. Mapema 2009 msanidi wa kiini James Morris alianza kuing'oa kwa viraka vidogovidogo, kila mkaguzi aone kinachoondoka na kwa nini. Kazi ya namna hii haileti kipengele kipya, na ndiyo maana inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Msimbo wa ulinzi usiosomeka hauwezi kukaguliwa.

Vitendakazi vitupu vyenyewe viliendelea kujaza faili la capability.c hadi toleo la 4.2, mwaka 2015. Msanidi Casey Schaufler alileta orodha: moduli hujiandikisha pale tu inapokuwa na la kuamua. Faili lile likafutwa lote.

Kisha ukaja Spectre, udhaifu wa vichakataji uliotangazwa mwaka 2018, na kinga dhidi yake zikaifanya miito ya kupitia vielekezi kuwa ghali. Toleo la 6.12, Novemba 2024, likaiingiza kazi ya msanidi KP Singh: kiini sasa huita moduli moja kwa moja, na nafasi isiyo na moduli hurukwa.