Eosinofili

Eosinofili ni aina ya seli nyeupe za damu zinazotengenezwa kwenye uboho wa mifupa. Mjerumani Paul Ehrlich alizieleza mwaka 1879: chembechembe zilizomo ndani yake hufyonza rangi ya eosini, na chini ya hadubini huonekana nyekundu inayokaribia rangi ya chungwa, huku kiini kikiwa kimegawanyika sehemu mbili. Kwa kawaida hazizidi 500 katika mikrolita moja ya damu. Zikipita hapo, daktari hufikiria kwanza minyoo, kichocho, pumu, mzio, na pia dawa anazotumia mgonjwa. Hata hivyo, minyoo inayokaa ndani ya utumbo bila kupenya tishu huweza isizipandishe kabisa; kipimo cha choo kisiachwe.